Geji ya Mjomba

Julai 2019 gari langu la kwanza lilikuwa na wiki mbili tu tangu litoke bandarini: gari la juu lililotumika Japan. Kabla ya kwenda Kondoa kumwona mjomba, nikapitia kwa fundi pancha pale Kizota, Dodoma.

"Bosi, nikuwekee ngapi?"

Nikamwambia yeye ndiye fundi. Akainama, akasoma ubavuni mwa tairi. "Hii hapa, PSI 44." Akajaza yote manne. Nikamlipa na kumshukuru juu.

Kwenye lami sikuona kitu. Vumbi lilipoanza, gari likaanza kuruka kama mbuzi aliyekata kamba. Kila jiwe nililipokea mgongoni, na kwenye kona moja ya kokoto nyuma ikateleza, nikajikuta namtaja Mungu kwa sauti.

Mjomba aliyatazama matairi kwanza, shikamoo yangu akaiitikia baadaye. Alikuwa dereva wa malori njia hii kabla ya lami, enzi ambazo masika yakiingia unakula na kulala kwenye tope. Hata baada ya kustaafu, geji ya kupimia upepo ilikaa kwenye mfuko wa shati, pale wenzake wanapochomeka kalamu. Akapima: 49.

"Nani kakujazia hivi?"

"Imeandikwa kwenye tairi, mjomba."

"Huo ni mwisho wa upepo linaoweza kubeba. Tairi litajuaje limefungwa gari gani? Fungua mlango."

Kwenye nguzo ya mlango wa dereva kulikuwa na stika ya Kijapani ambayo siku zote nilidhani ni tangazo la muuzaji. Katikati ya maandishi yasiyosomeka, tarakimu zilisomeka vizuri: kilopaskali 220, na pembeni yake 2.2.

"Mbili nukta mbili," akasema. "Kwa PSI za geji ni thelathini na mbili, kasoro kidogo." Kisha akaenda kuswali magharibi.

Nikaona nisimsumbue tena. Nikachukua geji, nikatoa upepo hadi kila tairi likasoma 32. Nililala nimeridhika kabisa.

Alfajiri, baridi ikiuma, mjomba akapima: 27. La pili 27. La tatu hakulifikia. Alicheka mpaka akakaa juu ya ndoo. Kumbe nilipunguza matairi yakiwa bado ya moto, yametoka kukimbia zaidi ya kilomita 150 juani. Upepo uliokuwa umevimba kwa joto, usiku ukanywea.

"Si ungesubiri asubuhi, gari halijatembea?"

"Hukuniambia, mjomba."

"Nilikuwa naswali!"

Akatoa pampu ya mguu. Mimi na binamu yangu tukapokezana, jasho likitutoka kwenye baridi ile ile, naye amesimama na geji kama refa. La mwisho, la nyuma kushoto, likasoma 33. Nikanyoosha kidole kulipunguza.

"Liache," akasema. "Gunia la karanga la mama yako linakaa upande huo."