Nilivyojifunza kuwataja watu kwa maumbo yao kwa Kikantoni, Kichina cha Hong Kong

Nilipokuwa nafuata simu na vipuri Hong Kong, kilichonisumbua kuliko bei ni kumpata mtu ninayemtaka. Mtaa wa Apliu, pale Sham Shui Po, umejaa vibanda vya vifaa vya umeme, na wauzaji hawatajani kwa majina. Ukiuliza nani ana betri fulani, unaambiwa nenda kwa fei lou, au kwa gou lou wa kona ile.

Nilianzia mwishoni mwa neno. Lou ni mwanamume mzima, zai ni kijana, mui ni binti, po ni mama mtu mzima. Mbele yake linakaa umbo: fei ni unene, gou ni urefu, gwong tau ni kipara. Basi fei lou ni bonge, na kijana wa miwani ni sei ngaan zai, mwenye macho manne. Aliyenyonyoka utosini nywele zikabaki pembeni tu ni dei zung hoi, yaani Mediterania, bahari iliyozingirwa na nchi kavu. Hilo nalipenda kuliko yote. Kwa mtu wa Kariakoo haya si mageni. Kwetu nako wapo akina Bonge na Kipara, na wakiitwa wanaitika.

Kazi ilikuwa kwenye toni. Kikantoni kina toni 6, yaani viwango vya sauti vinavyobadili maana ya neno, na leng zai ndiyo iliyonifunza kuziheshimu. Leng ikitoka kwa sauti ya katikati, ni mtanashati. Ukiipandisha juu, umemwita mtu dogo asiyejua kitu. Mama mmoja muuza chaja alikubali niirekodi sauti yake kwenye simu. Usiku nasikiliza, narudia, asubuhi namtamkia mpaka atikise kichwa kukubali.

Na huyo mtanashati yuko kila mahali. Muuzaji humwita hivyo mteja yeyote wa kiume, awe na sura gani, na mteja wa kike humwita leng neoi, mrembo. Kwenye migahawa ya chai, mhudumu akipaza sauti "leng zai!" huenda anaagiza bakuli la wali mtupu.

Fei po, mama mnene, silitamki mbele ya mwenyewe, hata kama majirani zake wanalitumia; linauma. Nisiyemjua namwita leng zai au leng neoi. Fei lou nilianza kumwita hivyo baada ya yeye mwenyewe kujitambulisha kwangu kwa jina hilo.