Jua la Lamu, jua la Scotland: tulivyofundishana nishati

Nafundisha sayansi Gredi ya 8 katika skuli moja kisiwani Lamu. Darasa langu limeungana na darasa la skuli moja ya Scotland, na somo letu la pamoja ni nishati jadidifu, yaani ile isiyokwisha kama ya jua na upepo. Nawaandikia walimu wenzangu wanaofikiria kuanzisha uhusiano wa namna hii, kwani mingi niliyoiona huishia kwenye salamu na picha za bendera. Wetu umeshika kwa sababu madarasa mawili yanapima kitu kimoja kwa vifaa vya aina moja, na hakuna upande unaoweza kukamilisha kazi yake bila nambari za upande wa pili.

Vifaa si vya gharama: paneli ndogo ya sola inayofanana pande zote mbili, mita ya fundi umeme, na fimbo ya mita moja. Tulikubaliana kupima adhuhuri, jua likiwa juu kabisa. Mwalimu mwenzangu wa Scotland alidhani itabidi tutafute saa hiyo kwenye intaneti. Wanafunzi wangu walishaijua. Chuoni, yaani madrasa, wamefundishwa kwamba wakati wa sala ya adhuhuri huingia jua likishapinduka, yaani kivuli kikishafika ufupi wake wa mwisho na kuanza kurefuka tena. Basi walisimika fimbo uwanjani, wakawa wanaweka kokoto kila ncha ya kivuli ilipofika, na kokoto iliyokuwa karibu zaidi na fimbo ikawapa saa ya kupima. Walirekodi maelezo kwa sauti, wakayatuma, na wenzao wakafanya vivyo hivyo. Nilifurahi sana siku ile, kwa sababu elimu ya chuoni na elimu ya skuli zilikutana mbele ya macho yao bila mimi kuzilazimisha.

Januari kivuli cha fimbo yetu hakikufika nusu mita. Cha wenzetu kilipita mita tatu. Msichana mmoja alipoiona picha yao aliuliza, "Mwalimu, mbona paneli yao wameisimamisha hivyo, na sisi yetu tumeilaza?" Sikumjibu. Nilimwambia awaulize wenyewe, na jibu likaja na mchoro: jua lao la majira ya baridi hupita chini sana upande wa kusini, kwa hiyo paneli lazima iinuliwe ilitazame. Nao wakashangazwa na letu. Januari kivuli chetu cha adhuhuri huelekea kaskazini, na Juni huelekea kusini, kwa kuwa Lamu iko karibu nyuzi mbili tu chini ya ikweta na jua hutuvuka kichwani kila mwaka, Machi na Septemba. Kwao kivuli cha adhuhuri huelekea kaskazini mwaka mzima. Walitutaka tupige picha fimbo ikiwa na dira pembeni ndipo waamini.

Lakini kilichowasumbua zaidi wanangu ni volti. Siku moja ya baridi kali lakini isiyo na mawingu, paneli ya Scotland ilitoa volti nyingi kuliko yetu iliyokuwa inaungua juani. Darasa likagawanyika, wengine wakisema mita yao ni mbovu. Tukaipoza yetu kwa kitambaa cha maji, na volti zikapanda. Hapo ndipo walipoelewa kwamba paneli hula mwanga, haili joto, na joto huipunguzia nguvu. Mkondo wa umeme, yaani ampea, bado ulikuwa mkubwa kwetu, kwa kuwa mwanga wetu ni mwingi zaidi. Nisingeweza kulifundisha hili kwa ubao peke yake.

Upepo tuliugusa kwa njia nyingine. Niliwatuma wanafunzi kwa manahodha na wavuvi wa mtaani waulizie pepo za msimu: kusi, upepo wa kutoka kusini, inaingia lini, kaskazi, ule wa kutoka kaskazini, inakoma lini, na tanga mbili, kipindi cha upepo kugeuka, huchukua muda gani. Wakarudi na kalenda ya upepo ya mwaka mzima, na wenzao wakaiweka ubavuni mwa takwimu zao, maana Scotland hupata sehemu kubwa ya umeme wake kutokana na upepo.

Kisha likaja la makaa ya mawe. Hapa Lamu si hadithi ya kitabuni: kulikuwa na mpango wa kujenga mtambo wa megawati 1,050 kule Kwasasi, watu wakaupinga, na Juni 2019 mahakama maalum ya mazingira ikabatilisha leseni yake, moja ya sababu ikiwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Wenzetu walitueleza kwamba kituo cha mwisho cha makaa Scotland, Longannet, kilifungwa 2016, na cha mwisho cha Uingereza nzima 2024. Mvulana mmoja wangu akaandika: "Nyinyi mlipokuwa mnafunga, sisi tulikuwa tunaletewa?" Nililipeleka swali lile kama lilivyo, na mwenzangu hakulikwepa. Alilitumia kipindi kizima kuwafundisha wanafunzi wake nani ametoa moshi mwingi duniani tangu viwanda vianze.

Kuhusu mipango: linganisheni kalenda kwanza. Skuli za Scotland hufungwa mwishoni mwa Juni hadi katikati ya Agosti, na sisi tuna likizo zetu za Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka, kwa hiyo miezi ya kazi ni Januari hadi Machi, Mei hadi katikati ya Juni, na Septemba hadi Oktoba. Msitegemee mazungumzo ya video. Umeme na mtandao vitawaangusha. Sauti na picha zinatosha, nazo hazidai watu wawe hewani pamoja. Wazazi waombwe idhini mapema, na picha ziwe za vifaa na mikono, zisiwe za nyuso za watoto.

Muhula huu tumehamia jikoni. Kila mtoto anapima mkaa, gesi au umeme unaotumika kwao kupika chakula cha jioni, na Scotland wanapima unaotumika kupasha nyumba joto.