Kruza imenishinda Kilifi

Nataka kununua pikipiki, kruza au ile ya safari ndefu, na wiki nzima nilishaamua: kruza. Kiti cha chini, miguu mbele, mngurumo wa kutisha mbuzi. Jana rafiki kaniazima yake, nikatoka Malindi kuelekea Mombasa, kilomita kama 120. Gede tu, tuta la kwanza likaikwangua tumbo, krrr! Kufika Kilifi kifua kimechoka kwa upepo, na kila shimo limebebwa na uti wa mgongo, maana miguu ikiwa mbele huwezi hata kujiinua kidogo upunguze kishindo. Ile ya safari ndefu ina kioo cha kukinga upepo, masanduku ubavuni, na unakaa wima. Sura kama ngamia, wallahi. Mke wangu kaiona, kauliza tu: "Nyuma pana pa kuegemea?" Papo. Kesho napeleka arbuni.