Kabla ya nembo, maji: kusanifu programu ya bustani za nyumbani

Mtu akisikia kwamba ninasanifu programu ya simu, swali lake la kwanza huwa ni rangi na nembo. Katika programu ya bustani ninayoishughulikia sasa, ambayo sitaitaja jina kwa kuwa haijaingia sokoni, kazi ilianzia kwenye maji. Walengwa wake ni watu wa mijini, kuanzia Tanga na Dar es Salaam hadi Morogoro, wenye matuta mawili matatu nyuma ya nyumba au viroba vilivyopangwa kando ya ukuta, wanaopanda mchicha, tembele, sukuma wiki, bamia na nyanya kwa ajili ya mboga ya nyumbani na, mavuno yakizidi, kwa ajili ya jirani.

Nilizipitia kwanza programu za bustani zinazotoka Ulaya na Marekani, na nyingi zimejengwa juu ya swali moja: baridi ya kugandisha itaisha lini mahali unapoishi? Wizara ya Kilimo ya Marekani ina ramani inayoigawa nchi katika kanda 13 kwa kufuata wastani wa kiwango cha chini kabisa cha joto kwa mwaka, na mtu akishajua kanda yake na tarehe ya baridi ya mwisho, programu huhesabu wiki kurudi nyuma na kumwambia lini apeleke mbegu kitaluni. Kwa huko ni utaratibu wenye akili. Kwa mtu wa Tanga ni ukurasa usio na kazi, kwa sababu kwake hakuna mwezi ambao baridi huua miche. Kinachoamua mambo ni masika ya Machi hadi Mei, vuli ya Oktoba hadi Desemba, na ukame unaokaa katikati. Hata ndani ya Tanzania kalenda haifanani, kwani Dodoma, Iringa na Mbeya zina msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza karibu Novemba au Desemba na kwisha Aprili, ilhali Makete na Njombe baridi ya Juni na Julai huweza kweli kugandisha majani. Kuichukua programu ya kigeni na kuivika maneno ya Kiswahili kungetupatia kalenda ya watu wengine kwa lugha yetu.

Kwa hiyo skrini ya kwanza inauliza mambo mawili tu: uko wapi, na maji unayapata wapi, bombani, kisimani au kwa mvua pekee. Jibu la pili lina uzito kuliko nilivyotarajia. Mwenye kisima anaweza kupanda mchicha Agosti na kuuvuna baada ya wiki tatu au nne bila wasiwasi. Anayeishi kwa mgao wa bomba anahitaji kushauriwa aweke matandazo, yaani nyasi au majani makavu ya kufunika udongo, apunguze idadi ya matuta, na aanze na tembele, ambalo hupandwa kwa marando na halina haja ya kitalu. Nyanya, ambazo kila anayeanza huzitaka, huja na onyo lake: katika mvua nzito za masika ukungu wa bakajani huzishambulia sana, na ni heri mtu alijue hilo kabla ya kununua mbegu.

Vikumbusho vilitupa mjadala mrefu. Mteja ninayemfanyia kazi hii alipenda mtindo wa programu za mazoezi, ambapo mtumiaji hujengewa msururu wa siku mfululizo na akiikosa siku moja msururu hukatika. Nilipinga, kwa sababu bustani ina siku nyingi ambazo jambo sahihi ni kutofanya chochote, na programu inayomsukuma mtu kumwagilia udongo uliokwisha lowa inamfundisha kuiozesha mizizi. Tuliishia na kitufe kimoja kikubwa kilichoandikwa “Mvua imenyesha”; kikibonyezwa, ratiba yote ya kumwagilia husogea mbele bila lawama. Saa nazo zinaandikwa kama tunavyozisema, saa 12 asubuhi na saa 11 jioni, si 06:00 na 17:00.

Jambo jingine ni kwamba mwenye simu mara nyingi siye anayeshika ndoo. Mama mwenye nyumba ndiye anayepakua programu, lakini anayemwagilia ni mtoto aliyerudi shule, au dada wa kazi, au kijana anayekuja mara chache kwa wiki akiwa na simu ya kitochi. Ndiyo maana kila kazi ya siku inaweza kutumwa kwa mtu mwingine kama ujumbe mfupi wa kawaida, wenye maneno yanayojitosheleza bila picha: ng'olea miche ya mchicha iliyosongamana, tuta la pili, leo jioni. Maelezo na picha zote hupakuliwa mara moja na kubaki ndani ya simu, kwa kuwa hakuna mtu atakayechoma bando ili asome habari za samadi.

Sasa rangi. Karibu kila programu ya bustani duniani ni ya kijani na ina jani, na hiyo peke yake ingetosha kunifanya nitafute njia nyingine, lakini Tanzania kuna sababu ya ziada: kijani kikikaa pamoja na njano, mtu haoni bustani, anaiona CCM. Nikajaribu zambarau ya biringanya, nikakumbushwa kwamba hiyo ni ya ACT-Wazalendo. Nyekundu ya nyanya inamilikiwa tayari, machoni pa watu, na Vodacom na Airtel. Tukatulia kwenye kahawia ya udongo mbichi juu ya usuli wa rangi ya maziwa, na bahati nzuri ndiyo inayosomeka vizuri zaidi juani. Mwongozo wa kimataifa wa ufikivu, yaani wa kufanya skrini zitumike na watu wote, unataka maandishi ya kawaida yapishane mwangaza na usuli wake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1, kiwango ambacho maandishi meupe juu ya kijani cha limau hayafikii, na programu hii itafunguliwa nje, saa saba mchana, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka.

Vijipicha vya mimea nimeviondoa kabisa. Katika ukubwa wa kidole, jani la mchicha, la mnafu na la bamia yote huwa jani. Picha halisi, iliyopigwa kwenye kiroba na si kwenye bustani ya majani ya Uingereza, hutofautisha mara moja.

Kuhusu magonjwa, kulikuwa na shauku ya kuweka kamera inayotambua ugonjwa papo hapo. Inawezekana: Nuru, programu ya PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Penn State, iliyotengenezwa kwa kushirikiana na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, na IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha kitropiki, hutambua magonjwa ya muhogo bila mtandao. Lakini ilijikita kwenye mazao machache na kufundishwa kwa picha nyingi sana, hazina ambayo sisi hatuna. Tumechagua maswali yanayofuatana, kwa mfano madoa yako jani la juu au la chini, kuna vijia vya funza ndani ya jani kama vya kantangaze, mdudu anayeshambulia nyanya, mche umelala ukiwa kitaluni au baada ya kupandikizwa. Mtumiaji akisema amepulizia dawa, programu humtaka aandike siku za kusubiri zilizo kwenye kibandiko cha chupa, na kitufe cha kuvuna hujifunga hadi ziishe. Mchicha huliwa wote, jani na shina, na sikutaka jambo hilo lifichwe kwenye maandishi madogo.

Nembo ilikuja mwisho na ilinichukua muda mfupi: tuta lililochorwa kwa mistari mitatu, linalosomeka hata likipigwa chapa ya rangi moja kwenye pakiti ya mbegu. Kilichobaki mezani ni matangazo. Wauza dawa za wadudu wako tayari kulipia nafasi kwenye ukurasa uleule wa magonjwa, na mteja anapiga hesabu. Mimi nimemwandikia kwamba ukurasa unaomwambia mtu mche wake unaumwa nini usiwe pia ndio unaomuuzia dawa, na kwamba wauza mbegu na mboji wanaweza kupewa ukurasa wao.