Siku yangu moja maabara, Kisumu: kazi ya kusoma protini za uvimbe

Saa moja asubuhi nishatoka Kondele nimefika kazini, na kitu ya kwanza ni kutoa tishu, yaani vipande vya mwili vya kupimwa, kwa ile mashine imezizungusha usiku kucha, fomalini (dawa ya kuhifadhi tishu zisioze), alkoholi ya kutoa maji, zailini ya kutoa alkoholi, mwisho nta. Nakata vipande vya maikromita 3 ama 4, vyembamba hadi ukipumua vibaya kinapeperuka, nakiweka kielee kwa maji vuguvugu kikunjuke halafu nakipandisha na slaidi, kile kioo cha kuangalia kwa hadubini.

Saa tatu sampuli zinaingia, Siaya, Vihiga, Busia. Leo kuna biopsi ya titi, kipande kidogo kilichokatwa kupimwa saratani, imekuja kwa maji ya chumvi, si fomalini, na hapo roho inaniuma kabisa. Tishu ikishatolewa mwilini protini zinaanza kuharibika, kwa hivyo inafaa iingie fomalini ya asilimia 10 kabla saa moja iishe, ikae humo masaa 6 hadi 72. Ikikosa hivyo ER, protini ya seli inayopokea homoni ya estrojeni, inaweza kusoma negativu (haipo) na si kweli, na huyo mama anyimwe tamoksifeni, dawa ya kuzuia estrojeni, yenye ingemsaidia miaka mingi.

Saa tano napaka antibodi, kitu kinachotafuta protini moja tu na kuishika. Kwanza slaidi zinachemshwa kwa bafa, maji ya kemikali, kwa sababu fomalini hufunga protini, zikifunguka antibodi inashika, palipo na protini panageuka kahawia na kwingine kunabaki bluu. Kila raundi lazima kuwe na kontroli, yaani tishu tunajua ni positivu (protini iko), na isiposhika rangi tunarudia zote, hata kama madaktari wanapiga simu.

Saa nane daktari wa patholojia, yule anayesoma tishu kutambua ugonjwa, anaingia kwa hadubini, naketi kando yake, hii ndo saa naipenda sana. ER tunaangalia kiini cha seli, asilimia 1 tu ikishika inaitwa positivu. HER2, protini inayosukuma seli ikue, tunaangalia ukingo wa seli, alama ya rangi 0 hadi 3+, na 2+ haijaamua kitu, inaenda kupimwa jeni. Mwaka wa 1987 Dennis Slamon, daktari wa saratani wa Marekani, na wenzake walionyesha kwamba wenye nakala nyingi za jeni ya HER2 saratani huwarudia mapema na wanafariki mapema, halafu 1998 Marekani ikapitisha trastuzumabu, dawa inayolenga protini hiyo hiyo, kwa hivyo alama iliyokuwa habari mbaya ikawa njia ya matibabu. Ki-67 nayo, protini nyingine, inaonyesha seli ngapi ziko mbioni kugawanyika, lakini hesabu yake hutofautiana kati ya msomaji na msomaji, ndo maana mi sikubali mtu aitegemee peke yake bila kuangalia ukubwa wa uvimbe na tezi za kwapa.

Saa kumi kijana mmoja dirishani: "Daktari, ya mama ni mbaya?"

"Mi ni wa maabara ndugu yangu. Majibu yanaenda kwa daktari wake, atawaeleza pamoja na dawa zenye zinamfaa."

Saa kumi na moja napigia kile kituo cha asubuhi. "Sista, tunaomba biopsi nyingine, na muandike kwa fomu saa mlitoa na saa mliweka fomalini." Akaniambia hawana fomalini, iliisha, wanatumia chenye kiko. Nimemwekea mikebe imeshajazwa, fomalini mara kumi ya kipande, inaondoka kesho asubuhi na gari la sampuli, mama atarudi Alhamisi.