Nafasi Katikati ya Namba

Kazi yangu ni kubuni programu na kuzifanyia utafiti, na sehemu ninayoipenda kuliko zote ni kukaa kando ya mtu na kumtazama akitumia kitu tulichokitengeneza. Namkumbuka mama mmoja, mtu mzima, aliyekuja kutusaidia kujaribu programu ya kupanga miadi ya hospitali. Nilimweleza kama ninavyomweleza kila anayekuja: Mama, leo tunaipima programu, wewe hupimwi; naomba kila linalokupitia kichwani uliseme kwa sauti. Mbinu hii ya kuwaza kwa sauti aliieleza mtafiti Clayton Lewis akiwa kampuni ya kompyuta ya IBM mwaka 1982, na hadi leo sijaona ya kuishinda. Kisha nikampa kazi moja tu: aihamishie miadi yake siku nyingine.

Tarehe aliipata bila shida. Ikaja sehemu ya kujaza namba ya simu. Alitoa kadi kwenye pochi, akaiweka mezani, akaanza kunakili: tarakimu tatu, nafasi, tatu, nafasi, kama ilivyoandikwa kwenye kadi. Akabonyeza “Endelea”. Kimya. Akabonyeza tena, kwa nguvu zaidi, kidole akakiacha palepale juu ya kioo. Programu ilikuwa imeikataa namba kwa sababu ya zile nafasi, na ilikuwa imesema hivyo, kwa maandishi mekundu juu kabisa ya ukurasa. Ila kibodi ilipofunguka iliusukuma ukurasa, yale maandishi yakatoka nje ya kioo. Alichokiona yeye ni namba iliyo sahihi na kitufe kisichoitikia. Akafuta yote, akaandika upya, tarakimu moja moja, akilinganisha na kadi. Ikawa sahihi vilevile, ikakataliwa vilevile.

Dakika kama zile ni ngumu. Mkono unakuwasha umwonyeshe. Lakini ukimsaidia mtu pale, umempa msaada ambao nyumbani kwake hatakuwa nao, na wewe umejinyima kujua angefanya nini. Nikamwuliza tu, “Ulitarajia kitokee nini, Mama?”

“Niambiwe nimekosea wapi,” akajibu. Halafu akaisogeza simu mbali naye kidogo. “Basi, mwanangu. Mimi vitu hivi sivijui, ni vyenu nyinyi vijana.”

Maneno hayo nimeyasikia kwa watu wengi, waliosoma na wasiosoma, na kila mara yananichoma. Mtu amefanya kila kitu sawasawa, kisha anajitwika lawama za waliomtengenezea. Don Norman, aliyejiunga na Apple mwaka 1993 na ambaye ndiye hasa aliyelieneza jina la fani yetu, “user experience” (uzoefu wa mtumiaji), amelisisitiza sana jambo hili la watu kujilaumu kwa vitu vilivyobuniwa vibaya.

Mwishoni alijaza dodoso la maswali 10 lililobuniwa na John Brooke mwaka 1986, ambalo bado linatumika kila mahali. Akaipa programu alama za juu! Programu ni nzuri, alisema, shida ni yeye.

Msimamizi wa mradi alipoziona zile alama akaona tuko tayari kuitoa. Sikukubali. Niliwasha video kuanzia pale mama anapotoa kadi, nikanyamaza. Video ilipofika pale mama anapofuta namba, mhandisi aliyeandika sehemu ile akasema kwamba kuziondoa nafasi ni mstari mmoja tu wa msimbo. Na kweli ni mmoja. Binadamu aandike anavyoona vyema, kuchuja ni kazi ya kompyuta. Sijawahi kuona sababu ya kuigeuza kazi hiyo ikawa ya mgonjwa anayetafuta daktari.

Msimamizi akauliza kama tubadilishe programu kwa ajili ya mtu mmoja. Ningeweza kumtajia alichoandika Jakob Nielsen, mtafiti wa fani yetu, mwaka 2000, kwamba kujaribu na watu 5 hufichua takriban asilimia 85 ya matatizo ya matumizi. Lakini sikuona haja ya asilimia. Kuacha nafasi si tabia ya mama yule peke yake. Namba huandikwa kwa mafungu kwenye kadi na mabango, na tunazitamka kwa mafungu ili zikae kichwani. Akakubali. Ujumbe wa kosa nao tukaushusha, ukawa chini ya sehemu yenyewe ya kujaza.

Katika duru iliyofuata watu waliandika namba kwa nafasi, kwa vistari, mwingine akaanza na alama ya kujumlisha, na zote zikapita. Safari hii walikwama kwenye saa za miadi, zilizoandikwa kwa kijivu hafifu juu ya weupe, chini kabisa ya uwiano wa 4.5 kwa 1, kati ya mwangaza wa maandishi na wa usuli wake, ambao WCAG, mwongozo wa kufanya tovuti zitumike na watu wote, wakiwemo wenye ulemavu, unautaka kwa maandishi ya kawaida. Mhandisi yule ndiye aliyegundua kwanza, maana siku hiyo aliomba mwenyewe kukaa nasi chumbani.