Siku moja na macho ya viwavi, Tabora

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mahindi yangu ya nyuma ya nyumba, hapa Isevya, yamefika magotini. Nimeshika tochi na makopo ya kila namna. Viwavijeshi vamizi hupenda kula gizani, na jua likipanda hujificha ndani kabisa ya moyo wa mhindi, kwa hiyo saa ya kuwapata ni hii. Nimeokota kumi na wanne. Kila mmoja namweka peke yake, maana wakikaa pamoja hulana. Wameniharibia mistari miwili mizima, lakini leo nawahitaji: Kidato cha Tatu wana kipindi cha wadudu, na mimi ndiye fundi wa maabara.

Saa moja kasoro. Babu jirani, mrina asali, ananisimamisha njiani. "Mwangaluka, mwalimu." Naitika. Ananikabidhi kipande cha sega lenye majana, yaani watoto wachanga wa nyuki, niliyomwomba juzi.

Saa tatu. Maabara ina hadubini mbili na lenzi za mkono tano kwa wanafunzi arobaini na kitu. Nawaanzisha na swali moja: kiwavi anaona? Karibu wote wanasema ni kipofu, anapapasa tu. Basi chukueni lenzi, mtazameni ubavuni mwa kichwa, karibu na kipapasio.

Kimya kidogo, kisha binti mmoja wa mstari wa mbele anasema, "Mwalimu, kuna vidoa vyeusi. Sita."

Sita kila upande, kumi na mawili kwa jumla. Vinang'aa kama matone ya lami, vitano vimejipanga kama upinde na kimoja kimekaa pembeni. Kila kidoa ni jicho kamili, na wataalamu huyaita stemata. Juu kuna lenzi angavu iliyobinuka, chini yake kuna lenzi ya pili yenye umbo la pia, halafu seli saba za kupokea mwanga zilizobanana kama vijiti katika mzigo wa kuni. Hapo ndipo ninapotaka wakae na kufikiri. Seli saba chini ya lenzi moja haziwezi kuchora picha ya jani. Jicho moja linapata kipande kidogo tu cha dunia: hapa mwanga, hapa giza. Ukiunganisha vipande kumi na viwili unapata picha hafifu mno.

Ndiyo maana kiwavi hutikisa kichwa huku na huku anapotembea. Kwa kuzungusha kichwa anayapitisha macho yale machache mahali pengi. Tukasimamisha ukanda wa karatasi nyeusi pembeni ya karatasi nyeupe, tukawaachia viwavi katikati. Si wote, lakini wengi walielekea kwenye ule ukanda. Kwa kiwavi, kitu cheusi kilichosimama wima huenda ni shina, na shina ni chakula.

Majana ya babu tuliyakagua pia. Hayana jicho hata moja. Yanalelewa gizani na kulishwa na wengine, jicho lingeyafaa nini? Lakini nyuki kibarua anayetoka humo ana vijicho takriban 5,000 kila upande.

Saa nne na nusu, chai na mihogo.

Saa sita. Mvulana mmoja amenifuata nje: je, jicho la kiwavi ndilo jicho la nondo likiwa bado changa? Swali zuri kuliko yote ya leo. Nimempeleka kwenye ndoo ya maji ya mvua nyuma ya maabara. Alipopitisha mkono juu yake, viluwiluwi vyote vya mbu vikazama. Kivuli tu kimetosha. Tukaweka kimoja chini ya hadubini. Kichwani, kila upande, kuna doa dogo jeusi, ambalo ndilo jicho analolitumia sasa, na mbele yake mwezi mwandamo mweusi: jicho kubwa la mbu mzima, linajengwa tayari. Macho mawili tofauti, kichwa kimoja. Tunutu wa nzige hawako hivyo. Wao huanguliwa na macho ya aina ileile ya wazazi wao, madogo tu, yanayozidi kukua. (Ndoo nimeimwaga. Malaria haina subira.)

Saa tisa, naosha vioo na kuandika daftari. Huwa nafikiria buu wa mbawakawa mmoja wa majini huko Marekani, Thermonectus marmoratus. Mwaka 2010 kundi la Elke Buschbeck, Chuo Kikuu cha Cincinnati, lilionyesha kwamba macho yake makuu yana lenzi zenye fokasi mbili, kama miwani ya wazee, na retina, yaani tando za kupokea mwanga, zilizopangwa kwa tabaka. Naye pia huchezesha kichwa, juu na chini, kabla ya kurukia windo. Ningetoa mshahara wa mwezi kumwona.

Saa mbili usiku. Kiwavi mmoja mnene nimembakiza kwenye chupa yenye udongo, na sasa hivi ameanza kujichimbia ili awe bundo, ile hatua ya kutulia kabla ya kugeuka nondo. Humo ndani macho yake sita ya kila upande yatajitenga na ngozi na kuvutwa nyuma kufuata mishipa hadi kwenye ubongo, na nje yataota macho mapya ya nondo. Nimebandika tarehe kwenye chupa na kuiweka mbali na dirisha.